Bi Kishungi na Mchwa wa Nguchiro

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hapana. Hiyo si pakawa, hiyo ni miayo. Nyie mlioko nyuma, mmeshiba nini? Na wewe mwenye muhindi, tafuna kwanza umeze, sikukimbii. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa mmeamka. Tulieni basi.

Hapo zamani za kale, kuku hawakufugwa na mtu. Walijifuga wenyewe. Walikuwa na ua wao, wakiufagia wenyewe na kuugombania wenyewe. Katika ua huo aliishi mtetea mmoja wa rangi ya jivu. Kichwani alikuwa na kishungi cha manyoya, kimesimama wima, utadhani amefunga kilemba anakwenda harusini. Jina lake Bi Kishungi.

Bi Kishungi alikuwa na mdomo. Ukimwambia moja anakurudishia saba. Lakini moyoni alikuwa na jeraha, na nyie msicheke kwanza, sikilizeni. Mwaka uliopita aliatamia mara mbili. Mara ya kwanza mvua iliingia kiotani, mayai yakapoa, yote yakawa viza. Mara ya pili yakaanguliwa. Vifaranga tisa! Pii, pii, pii, ua mzima. Siku ya nne akaja Nguchiro.

Mnamjua Nguchiro? Mwembamba, mrefu, mkia mrefu, macho mekundu, na adabu tele. Alipita chini ya uzio mchana kweupe, akatoka palepale alipoingilia. Vifaranga tisa hawakuonekana tena. Bi Kishungi alilia mpaka sauti ikamkauka.

Sasa mwaka huu alikuwa ametaga mayai kumi na moja. Akayatazama, akayageuza kwa mdomo, akaapa. "Haya ni ya mwisho. Yakipotea haya, mimi sitagi tena. Nitakaa nikiimba kwenye harusi za wenzangu."

Akainuka akaenda kwa jogoo.

Jogoo wa ua ule aliitwa Kuchi. Shingo ndefu, kifua mbele, miguu minene. Yeye ndiye alikuwa mkuu wa ujenzi, ingawa udongo alikuwa hajaushika tangu aanguliwe. Kwao kuku ilikuwa hivyo. Siku ya ujima majike hubeba, jogoo husimama juu akatoa amri. Ndiyo mila. Nani aliianzisha? Jogoo.

"Bwana Kuchi," akasema Bi Kishungi, "masika yanakuja. Banda letu linavuja, uzio umelala. Mimi nina mayai kumi na moja. Tujenge."

Kuchi akapanda juu ya gogo, akawika: "Kokoiko! Ujima! Ujimaaa!"

Kuku wote wakaja. Kuchi akakunja shingo.

"Enyi kuku! Adui wa kuku anatoka wapi?"

"Juu!" wakaitika.

"Anaitwa nani?"

"Mwewe!"

"Basi tunajenga paa. Paa nene! Paa pana! Mwewe akiangalia chini asione hata unyoya."

"Na chini je?" akauliza Bi Kishungi.

"Chini kuna nini?"

"Chini kuna Nguchiro. Mimi ndiye niliyefiwa, najua alikopita."

Kuchi akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili, maana kuku hawezi kukutazama kwa yote mawili. "Bi Kishungi, chini ni ardhi. Ardhi haina mlango."

Kuku wakacheka, keke keke keke! Aliyecheka zaidi ni Kidimu, shoga yake Bi Kishungi, yule wa manyoya yaliyokaa timutimu kama ametoka kitandani sasa hivi. "Shoga, umesikia? Ardhi haina mlango!"

Bi Kishungi akageuka, akaenda kutafuta fito.

Wakajenga. Wakaleta fito, wakaleta kamba, wakaleta nyasi. Fito za uzio wakazichomeka ardhini urefu wa mdomo wa kuku, basi. Nguvu zote zikaenda juu. Na Kuchi akatoa amri yake kubwa: "Paa liwe bapa! Lilale sawa! Nipate pa kusimama niwike."

Wakati huo Bata alikuwa anapita nje, tepe, tepe, tepe, anatoka mtoni. Akainua shingo.

"Jamani, mbona paa limelala? Maji yatakaa juu."

"Wewe bata wa topeni," akasema Kuchi, "unajua nini habari za mapaa?"

"Za mapaa sijui. Za maji najua." Bata akaenda zake, tepe, tepe, tepe.

Paa likaisha. Kuchi akapanda, akawika mara tatu, akasema ni zuri. Bi Kishungi akachukua pembe ya ndani, karibu na uzio wa nyuma, akatandika nyasi kavu, akayakalia mayai yake kumi na moja. Siku ishirini na moja. Akaanza kuhesabu.

Siku ya pili, jua utosini, wakasikia sauti laini nje ya uzio.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Nani?"

"Jirani yenu."

Wakachungulia kwenye fito. Nguchiro! Amekaa kitako, mikono kifuani.

Bi Kishungi aliruka kiotani kishungi kikamsimama zaidi ya kilivyosimama. "Jirani wa nani? Muuaji wewe! Huna haya, wala huna soni! Wanangu tisa wako wapi?"

Nguchiro akainamisha kichwa. "Una haki, mama. Nitukane, nastahili. Lakini nimetubu. Nyama imenishinda, tumbo limekataa. Siku hizi mimi ni wadudu tu. Nimesikia mmejenga, nikasema, nyumba mpya haiendewi mikono mitupu."

Akasukuma bonge la kichuguu mpaka chini ya uzio, nyuma kabisa, hatua chache kutoka kiota cha Bi Kishungi. Bonge likapasuka. Mchwa wakamwagika upande wa ndani. Wanono! Weupe! Wengine wakazama kwenye udongo.

"Nimewaweka karibu na mama mzazi," akasema Nguchiro, "asitembee mbali na mayai. Haya, kwaherini." Akaondoka na mkia wake.

Kuku wakatazamana.

"Mtego huo," akasema Bi Kishungi.

"Shoga nawe," akasema Kidimu, "zawadi haina kosa. Yeye yuko nje, sisi tuko ndani, uzio uko katikati. Atatufanya nini?"

Wakaenda kuchakura. Nyie kuku mnawajua, akishaona mdudu kazama hamwachi. Wakachakura na wimbo juu. Haya, niitikieni:

*Chakura mwana chakura,*
*kwaru kwaru kwaru!*
*Riziki iko chini,*
*kwaru kwaru kwaru!*

Kesho yake Nguchiro akaja tena na bonge jingine. Akaliweka palepale. Kesho kutwa palepale. Hakugusa ufito, hakuchungulia ndani, hakuuliza mayai mangapi. Hodi, bonge, kwaherini.

Na Bi Kishungi? Siku ya kwanza ya mchwa alikataa. Siku ya pili alikataa. Lakini kuku anayeatamia hutoka kiotani mara moja tu kwa siku, anakula harakaharaka, anarudi kabla mayai hayajapoa. Njaa ilikuwa inamsokota. Mchwa walikuwa hatua nne. Siku ya tatu akajiambia, "Kula mchwa wake siyo kumsamehe." Akatoka, akachakura. Kwaru kwaru kwaru! Walikuwa watamu, hilo alikiri mwenyewe. Tangu hapo kila siku akawa anatoka, anachakura palepale, anarudi amefura tumbo, anakaa, anahesabu. Siku ya tano. Siku ya nane. Siku ya kumi.

Nguchiro kule kichakani alikuwa amelala chali, anajipangusa ndevu. Hana haraka. Mayai angeyala, asiyale kwa nini, lakini alijua kungoja. Yai ni maji, kifaranga ni nyama. Na kuchimba ni kazi, kunachafua kucha. Kwa nini achimbe yeye, na wachimbaji wapo?

Bandu bandu huisha gogo, nanyi mnajua.

Siku ya kumi na mbili masika yakafika. Hayakupiga hodi. Mchana ulikuwa mweupe, mara ukawa mweusi, mara pwaaa! Mvua kweli kweli. Maji yakashuka juu ya lile paa bapa, yakatafuta pa kwenda, hayakupaona, yakakaa. Paa likaanza kubonyea tumbo. To! to! to! Tone la kwanza likamwangukia Bi Kishungi mgongoni. La pili. La tatu. Akatandaza mbawa zake, akayafunika mayai yote, akainamisha kichwa.

"Kuchi!" akaita. "Paa lako!"

"Paa liko imara!" akajibu Kuchi. "Nitaikemea hii mvua." Akapanda juu, akasimama katikati ya dimbwi, akavuta pumzi: "Kokoi..."

Hakumaliza. Kra! Paa likapasuka. Kuchi, nyasi, na maji yote yale wakashuka pamoja. Pwatu! Katikati ya banda. Akainuka amejaa matope mpaka kwenye upanga wa kichwani.

Hakuna aliyecheka, muda wa kucheka haukuwapo, kwa sababu maji mengine yalikuwa yanaingia kwa chini. Yaliingia kutoka uzio wa nyuma, yanakimbia moja kwa moja kwenye kiota. Bi Kishungi alihisi baridi kwenye tumbo. Alijaza mwili wake wote pale. Hakuondoka. Aliogopa. Aliwaza wale wa kwanza, waliopoa namna hiihii. Yai moja likateleza kutoka chini ya ubawa, likaelea, likaenda.

"Yai langu! Kidimu, yai langu!"

Kidimu akazunguka, timutimu zake zimelowa zimelala, haoni hili wala lile.

Mara wakamwona Bata. Yumo ndani ya ua! Anaogelea, kifua mbele, anasukuma yai kwa mdomo polepole mpaka kiotani.

"La nani hili?" akasema. "Nimelikuta linaoga bila ruhusa ya mama yake."

Bi Kishungi akalivuta chini ya ubawa. Kisha akashtuka.

"Bata. Umepita wapi wewe?"

"Mlangoni."

"Mlango umefungwa kwa kamba."

"Si ule. Huu wenu wa chini, wa nyuma. Mpana kweli. Nimesema hawa wenzangu wana akili, wamechimba mlango wa maji."

Wote wakageuka kutazama uzio wa nyuma. Hata Kuchi na matope yake.

Bata, ndugu zangu, ni mnene. Nguchiro ni mwembamba. Pakipita bata, Nguchiro anapita anacheza ngoma.

Mvua ikakatika kabla jua halijashuka. Bi Kishungi akamwomba Kidimu akalie mayai, akaenda nyuma. Akaona. Fito za uzio zilikuwa zinaning'inia, miguu yao hewani. Chini yake shimo, refu, limeinama vizuri kuelekea nje.

"Nguchiro!" kuku wakapiga kelele. "Kachimba Nguchiro! Mchawi yule!"

Bi Kishungi akatazama kando ya shimo, pale maji hayakufika. Kulikuwa na alama kwenye udongo. Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma. Nyingi, mamia, moja juu ya nyingine. Alama moja ilikuwa na kidole cha kati kilichopinda kidogo. Akainua mguu wake. Kidole chake cha kati kimepinda, alikanyagwa na ng'ombe akiwa mdogo. Akauweka mguu ndani ya alama. Ukakaa.

"Si Nguchiro," akasema. "Sisi. Na hapa kwenye kina zaidi, ni mimi."

"Shoga, usijilaumu," akasema Kidimu kutoka kiotani. "Wahenga wamesema, kuku havunji yai lake."

"Havunji," akasema Bi Kishungi. "Anamchimbia njia atakayelivunja."

Akaona aibu, akalia. Alilia mbele ya wote, hakujificha. Kisha akajipangusa macho kwa ubawa, na mdomo wake ukarudi.

"Basi! Kilio kimetosha. Kuchi!"

"Abee," akajibu Kuchi. Jogoo aliitika abee! Nani amewahi kusikia?

"Unataka pa kuwikia, au unataka pa kuzalia watoto?"

"Pa kuzalia."

"Paa linasimama mshazari. Bata, mwoneshe."

Bata akageuza mgongo. "Tazameni. Mwagieni maji hapa. Yamekaa? Yameteleza. Yangekuwa yanakaa mgongoni mwa bata, bata wangekwisha zamani. Paa liwe hivi. Nyasi zianze kupangwa chini, za juu zilalie za chini. Na pale juu ya ukuta, chini ya paa, acheni upenyo wa hewa, mwembamba usipitishe hata kichwa cha Nguchiro. Mkiziba kila kitu mtapikana wenyewe kwa mvuke."

Wakafanya. Lile shimo la nyuma wakaliziba siku ileile, kwa mawe. Kuchi alipanda paa jipya kulijaribu, akateleza, tereee, akatua nje. Hakupanda tena. Ndiyo sababu siku hizi utamkuta jogoo anawika juu ya gogo, ama juu ya nguzo ya uzio.

Lakini kuziba shimo moja hakutoshi. Bata aliwaambia wazi: "Uzio wenu hauna mguu. Mnatakiwa mchimbe kuzunguka ua wote, kina cha kifua cha kuku. Mshushe fito humo, mpange mawe, mfukie. Na mchimbe kijitaro cha kupeleka maji mtoni. Maji hayazuiliki, yaonesheni njia."

Kuku wakaguna. "Kuzunguka ua wote?"

"Mie mguu wangu," akasema mmoja.

"Mie nina mafua," akasema mwingine.

Msiwacheke, kuku hachakuri pasipo na kitu. Ndivyo alivyoumbwa. Mwambie achimbe bure, atakutazama kwa jicho moja kisha kwa la pili, halafu atalala. Bi Kishungi aliwajua, maana na yeye ni kuku. Alikaa juu ya mayai akawaza. Siku ya kumi na tatu hiyo. Zimebaki nane. Kuku wanataka mchwa. Nani ana mchwa?

Akaanza kucheka peke yake, keke keke, mpaka Kidimu akadhani homa.

Jua lilipofika utosini, "Hodi wenyewe!"

"Karibu, jirani!" akaitika Bi Kishungi. Sauti asali. "Hebu sogea. Unaona, mvua imetuharibia hapa nyuma, maji yameingia, tumeziba."

Nguchiro akayaona mawe. Sharubu zikamcheza. "Mvua! Mvua mbaya sana. Poleni. Mvua tu, siyo?"

"Kingine nini? Sasa nina ombi. Mchwa wako watamu, lakini unawaweka sehemu moja, wenzangu wanagombana. Jana wamenyonyoana manyoya. Kama kweli umetubu, watawanye kuzunguka uzio wote, kila mmoja apate mbele yake."

Nguchiro akafikiri. Mlango mmoja umezibwa. Sasa anapewa milango kuzunguka ua mzima! Hawa kuku, akawaza, Mungu amewanyima nini? Akajizuia kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama, nalia kwa furaha," akasema. "Nitafanya."

Akafanya kazi, Nguchiro! Hajafanya kazi namna ile maishani mwake. Alivunja kichuguu cha kwanza, akamaliza. Akavunja cha pili, akamaliza. Akaenda mpaka ng'ambo ya bonde, akarudi na mabonge kichwani, ulimi nje, jasho kwenye kila unywele. Siku tatu! Na ndani ya uzio, kwaru kwaru kwaru! Yule wa mguu alichakura. Yule wa mafua alichakura. Hata Kuchi alichungulia, akaona mnono mmoja, mila ikamtoka kichwani, akachakura na miguu yake minene, udongo ukaruka mpaka barabarani.

*Chakura mwana chakura,*
*kwaru kwaru kwaru!*
*Jirani ametubu,*
*kwaru kwaru kwaru!*

Siku ya kumi na sita kulikuwa na mtaro kuzunguka ua, kina cha kifua cha kuku. Nguchiro akautazama, akajiramba, akaenda kupumzisha mgongo wake.

Siku ya kumi na saba mvua ya rasharasha. Siku ya kumi na nane vilevile. Nguchiro hapendi kulowa, alibaki shimoni mwake. Siku mbili hizo ndizo alizozingoja Bi Kishungi. "Sasa!" akasema. Wakazishusha fito mpaka chini ya mtaro. Wakasukuma mawe, makubwa kwa madogo, Kuchi anapiga teke, wenzake wanapanga. Katikati ya mawe wakachomeka michongoma yenye miiba. Juu ya vyote wakarudisha udongo, laini, wakauacha tifutifu, ionekane kama kuku wamechakura wakaondoka. Bata akaongoza kijitaro mpaka mtoni, maji yakapita nje, kololo, kololo, wala hayakugeuka kutazama banda.

Siku ya ishirini na moja, asubuhi, jua limetoka. Bi Kishungi akasikia chini ya ubawa: ti. Ti, ti. Kisha pii! Pii, pii! Wa pili. Wa tatu. Kidimu akaanza kuhesabu kwa sauti, akakosea, akaanza upya.

Kule kichakani Nguchiro akainua sikio. Pii pii! Akachukua kikapu. Leo hakuja saa ya jua utosini. Leo hakusema hodi. Alikuja kimyakimya mpaka uzio wa nyuma, akaona udongo tifutifu, akatabasamu, akazama kwa kichwa. Kwaru, kwaru... ko!

"Ala!" Jiwe. Si kitu, akasogea kushoto. Kwaru, kwaru... ko! Akasogea tena. Ko! Akazunguka nyuma, akazunguka mbele, akazunguka upande wa kijitaro. Ko! Ko! Ko! Hasira zikampanda, akajitupa kwa nguvu zote. Mchomo! Mwiba wa puani. Akarudi nyuma anapiga chafya, akakanyaga mwingine, akaanguka ndani ya kikapu chake mwenyewe.

Juu ya uzio kikatokea kishungi.

"Jirani! Karibu. Mbona leo hukubisha hodi?"

"Bi... Bi Kishungi. Haya mawe..."

"Ni msingi. Unauona ulivyonyooka? Tulikuwa hatuna nguvu ya kuchimba, ukatuletea mchwa siku tatu. Ahsante, baba. Mgongo unaendeleaje?"

Kuku wote wakapasuka, keke keke keke! Bata akacheka mpaka akakaa. Nguchiro akang'oa mwiba puani, akabeba kikapu kitupu, akaondoka anachechemea. Bi Kishungi alimfuata kwa macho mpaka akapotea. "Na wale tisa," akasema kwa sauti ya chini, "sijakusamehe."

Akarudi kiotani. Vifaranga kumi. Yai la kumi na moja, lile lililoelea, lilikuwa kimya. Akalikalia siku moja zaidi. Akalikalia ya pili. Siku ya tatu Bi Kishungi akainuka, akalifunika kwa nyasi, akawaita wale kumi nje kwenye jua.

"Leo mtajifunza kuchakura," akawaambia. "Chakura!"

Vifaranga wakachakura, kwaru kwaru.

"Ngoja! Sasa rudi nyuma hatua moja. Tazama."

"Tutazame nini, mama?"

"Ulichochimba. Kisha ndiyo ule."

Mdogo kuliko wote, aliyekuwa na kakishungi kanakotaka kuota, akachakura mara mbili. Akarudi nyuma hatua moja. Akainamisha kichwa, akatazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Ndipo akadonoa. Bi Kishungi akageuka upande, akajifanya vumbi limemwingia jichoni.

Na ni hivyo mpaka leo. Kesho nendeni uani mkamtazame kuku. Atachakura, atarudi nyuma, atatazama. Nyie mnadhani anatafuta mdudu.

Mafunzo yake ni haya, na wakubwa wasijifanye wamesinzia. Adui huja na jembe mara chache. Mara nyingi huja na zawadi, akakuacha uchimbe mwenyewe. Basi tia nguvu juu, tia nguvu na chini, na kila ukichimba, rudi nyuma utazame umechimba nini.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye uzio wa Bi Kishungi. Aliye ndani alale salama, aliye nje apige hodi. Na wewe mwenye muhindi, nibakizie.